Namba Aliyoishika Mwalimu Nukta

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa anaogopa namba. Sisemi aliziogopa kama wanafunzi wanavyoogopa mtihani. Aliziogopa kama mtu anayejua kuna nyoka ndani ya nyumba na hajui yuko chumba kipi, na bado kila asubuhi anaamka, anapiga pasi shati lake na kwenda kuwafundisha watoto wa watu jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa.

Shuleni walimwita Mwalimu Nukta. Kila hesabu aliyoimaliza ubaoni aliifunga kwa nukta moja kubwa, akiisokota chaki mpaka unga unamwagikia viatuni. Ukigawanya moja kwa tatu jibu halikomi, tatu zinafuatana tu, na walimu wenzake waliandika tatu chache kisha vitone vya kuonyesha kwamba safari inaendelea. Yeye vitone hivyo hakuviandika hata siku moja. Aliandika tatu zake, akagandamiza nukta, akawaambia wanafunzi, "Zinatosha." Wanafunzi walicheka. Walimu wenzake walidhani ni mbwembwe za mtu anayependa usafi. Kuna mada katika kitabu cha kidato cha juu aliyoiruka kila mwaka, akisingizia muda hautoshi, na kila mwaka muda ulimtosha kwa mambo mengine yote.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu ya kukatia nguo iko chumba cha mbele, chini ya dirisha, na hapo ndipo aliponieleza siri yake, tukiwa bado maharusi. Nilikuwa nachambua vifungo kwenye bakuli. Akavuta kiti, akasema tuseme hili bakuli lina vifungo visivyokwisha. Akaanza kuvitoa, kimoja anakiweka kulia, kimoja kushoto, kulia, kushoto. Akaniuliza, nikimpa jirani vyote vya kulia, mimi nitabaki na vingapi. Nikamwambia nusu, hata mtoto anajua. Akatikisa kichwa. Akasema nitabaki na vilevile, kwa sababu vya kushoto navyo havikwishi, na ukivipanga mstari mbele ya vile vya mwanzo, cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili, hakuna kitakachokosa mwenzake.

"Basi niletee hilo bakuli," nikamwambia, "nitaacha kwenda dukani."

Nilicheka peke yangu. Nilipomgusa mkono ulikuwa baridi. Ndipo akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo aliambiwa mtu akishakufa ataishi milele. Wenzake walifurahi, yeye akaenda kujificha nyuma ya kabati. Alijaribu kuifikiria hiyo miaka. Alitoa elfu, akaona iliyobaki ni ileile. Akatoa elfu mara elfu, ileile. Alilia mpaka akatapika, na hakumwambia mtu alichokuwa analilia.

"Kitu unachokichota hakipungui," akaniambia, "hicho si kitu, mke wangu. Hilo ni shimo."

Ningekuwa mke wa kwenye vitabu ningemkumbatia. Nilimwambia akaze moyo, kisha nikampa ncha ya kitambaa anishikie nikate. Lakini tangu siku ile nilimchunga, na watu wakimtania mbele yangu juu ya nukta zake, niliwakata kauli.

Mtoto wetu alikuja tukiwa tumeshakata tamaa, na alikuja na mdomo. Tulimwita Chiriku. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na cherehani, aliongea na nguo za wateja zilizotundikwa, akizijibu mwenyewe kwa sauti tofauti. Nilikuwa namwambia anyamaze mpaka koo linaniuma. Sikujua kwamba kuna siku nitapiga magoti kumwomba aseme neno.

Ilianza mchana, shule zilipofungwa. Tulikuwa mezani tunakula. Chiriku, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza upya, akauliza, "Baba, namba ya mwisho ni ipi?"

Nikaona kijiko cha mume wangu kimesimama hewani. Mwalimu mzima, cheti kimetundikwa ukutani. Neno lilikuwa moja tu la kumjibu, kwamba haipo, na angemjibu hivyo mtoto wa jirani yeyote. Wa kwake alishindwa. Alimtazama yule mtoto kama mtu anayeona mwanawe amesimama ukingoni, na hofu ikamjibia.

"Ipo," akasema. "Ila iko mbali sana."

Chiriku akauliza mtu akihesabu atafika. Baba yake akasema akivumilia atafika, kisha akagandamiza kidole mezani, nukta. Nikamtupia jicho, hakunitazama. Chiriku akameza tonge lake, akajifuta mdomo, akaanza, moja, mbili, tatu.

Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa utulivu. Alikaa chini ya meza yangu kwenye vipande vya nguo, anahesabu kwa sauti ndogo, na mimi nikashona bila maswali. Wateja walicheka, wakasema mtoto wa mwalimu huyo. Kesho yake nilimwita akaniinulia kidole, kwamba nisubiri. Nilisubiri. Nilimwita tena, kidole. Nikampa chakula, akatia mdomoni, akaanza kutafuna, kisha macho yakamtoka na akakitema, kwa sababu kutafuna kulimchanganyia hesabu. Usingizi ulipomzidi nguvu alilala, akaamka akipiga kelele kwamba imepotea, akaanza upya kutoka moja.

Baada ya hapo aliamua asilale. Alisimama wima katikati ya chumba, anajifinya mikono. Nilimvua gauni kumwogesha nikakuta mikono yake imejaa alama, na midomo yake inaendelea huku maji yanampita usoni. Hapo ndipo roho iliponipaa. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa majina yote ya kubembeleza ninayoyajua, nikamtisha, nikamwimbia. Midomo haikusimama. Mtoto niliyemzaa mwenyewe alikuwa ananitazama kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya basi linaloondoka.

Tulimpeleka zahanati. Daktari akamfunua macho, akamtazama ulimi, akasema hana homa, ila amekauka, hanywi. Akasema tukimrudisha kesho akiwa hivi atampeleka hospitali kubwa watamfunga kitandani wamtie dripu. Alisema vizuri tu, ndiyo kazi yake, lakini hilo neno la kumfunga lilinikata maini. Chiriku alikuwa ameketi kwenye kile kitanda chenye nailoni, miguu inaning'inia, anahesabu.

Tulipotoka nje nikamgeukia mume wangu. Mimi nikiogopa huwa mkali.

"Wewe ndiye uliyempa kazi hii," nikamwambia. "Kamtoe."

Nyumbani akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Akamwambia ukweli, kwamba alimdanganya, namba ya mwisho haipo, kila namba ina nyingine mbele yake, hakuna aliyefika na hakuna atakayefika. Aliusema polepole, jasho jembamba likimtoka kwenye paji la uso, na mimi nikafikiri sasa ataacha. Midomo ya Chiriku haikusimama. Machozi ndiyo yaliyoanza. Kisha akapenyeza maneno katikati ya namba mbili, haraka haraka, ile ya pili isije ikamponyoka.

"Basi nimeingia, na hakuna pa kutokea."

Nimesikia mengi katika umri wangu. Hilo bado linanisimamisha nywele.

Mume wangu akaruka akanyakua kitambaa juu ya meza. Kilikuwa cha mke wa mwenye duka la dawa, kitambaa laini cha gauni, na nilikuwa bado sijakipima. Akakikata katikati. Nusu akailaza mezani, nusu iliyobaki akaikata tena katikati, akalaza, akakata, akalaza. Alikuwa anamwambia Chiriku atazame, vipande hivi havina mwisho, mtu anaweza kukata nusu ya nusu milele, lakini vyote ukivirudisha pamoja ni kitambaa kilekile, wala havizidi meza ya mama yako. Kisicho na mwisho kinaweza kulala ndani ya chenye mwisho. Akasema usiogope, mwanangu, kinaenea hapa.

Siku nyingine ningempigia kelele majirani wakusanyike. Siku ile ningempa duka zima la nguo alikate. Na nilielewa, mara ya kwanza tangu nimjue, na kwa kitambo nilidhani na mtoto ameelewa, maana alisogea mezani. Lakini kipande kikafika ukubwa wa kucha, na baba yake akakikata. Kikawa nyuzi, akazikata. Kisha mkasi ukawa unauma hewa, kwac, kwac, na yeye ameinama, macho hayapepesi, na nikaona kwamba hafundishi tena. Alikuwa hawezi kuacha. Nikamshika mkono nikautoa ule mkasi kidole kimoja kimoja. Nikawatazama, mmoja midomo inacheza, mwingine vidole vinacheza bila mkasi, nikaona sasa ninao wawili.

Nilimzaba mume wangu kofi la bega, si la hasira. Akashtuka, akarudi.

Akamuuliza Chiriku kwa nini hawezi kuiacha. Mtoto akapenyeza, "Itapotea." Nikadakia mimi, nikasema tuiandike kwa chaki hapa mezani, itakusubiri ukila. Akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka nikaogopa shingo. Sikumwelewa. Baba yake alimwelewa kabla sijafumba mdomo. Namba ikiandikwa inakaa palepale, hakuna anayeiendeleza, na yeye alichotaka ni kujua kwamba kuna mtu bado yumo njiani.

Mume wangu akapiga magoti sakafuni, juu ya vile vipande. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mimi peke yangu humo chumbani nilijua anataka kufanya nini na kwamba hakuna kitu duniani alichokiogopa kuliko hicho.

"Nipe mimi," akamwambia. "Nitakushikia. Sitaiacha."

Chiriku akamwekea mdomo sikioni akamnong'oneza, na baba yake akaitaja inayofuata kwa sauti. Akataja nyingine, na nyingine. Chiriku alimkodolea macho midomoni kumkamata kama ataruka. Hakuruka. Akahesabu vizuri, bila haraka, kama anavyofundisha. Na mtoto wangu akageuka akaniambia, "Mama, maji."

Alikunywa mpaka nikamzuia. Alikula mkate, akasinzia tonge likiwa shavuni, nikalitoa kwa kidole nikamlaza chini ya meza. Baba yake alikaa pembeni yake mchana wote ule, mgongo ukutani, shati limemganda, anahesabu kwa sauti ili sauti imfikie mtoto usingizini. Mlangoni walikuja wateja nikawafukuza. Nilikuwa nashona na kufumua, nashona na kufumua. Nilitaka mtoto wangu atoke kule, na alitoka, lakini aliyemtoa alibaki ndani.

Chiriku alipoamka alimuuliza baba yake amefika wapi. Akamwambia. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama bosi aliyeridhika na kazi ya mfanyakazi, akatoka kwenda kucheza. Siku zilizofuata alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, kisha akawa anauliza mara moja moja, kisha akaacha. Maneno yalirudi yote na riba, nikaanza tena kumwambia anyamaze. Kitambaa cha watu nikakilipa. Nikasema moyoni yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Chiriku alikuwa ameshamaliza shule na kwenda kufanya kazi mji mwingine, na mimi nilikuwa nampima baba yake kola ya shati jipya. Nilimzungushia futi kamba shingoni, na chini ya vidole vyangu nikahisi koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kwa mwendo mmoja. Nikamuuliza kama anaimba. Akasema hapana. Nikamuuliza kama anasali. Akatazama dirishani kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nikakaa.

Hakuwa akihesabu muda wote. Alinieleza kwamba akiingia darasani huiweka mahali kichwani, akitoka huichukua. Alihesabu akienda kazini, akipiga pasi, akisubiri zamu kwa kinyozi, akinisikiliza mimi nikilalamika. Hajawahi kuipoteza. Nikamwambia Chiriku alishasahau zamani, hata ukimuuliza hajui unaongelea nini.

"Najua," akasema. "Amesahau kwa sababu ninayo."

Nilijaribu utani, maana ndiyo silaha niliyozoea. Nikamuuliza amebakiza ngapi.

"Zilezile za siku ile," akasema. "Sijapunguza hata moja."

Niligombana naye. Nikamwambia wewe si Mwalimu Nukta, basi weka nukta yako leo, hapa, mbele yangu, tupumzike. Akakubali. Aliweka kidole mezani, akafumbua mdomo aseme basi, na nikaona uso wake unabadilika, ukawa uso wa yule mtoto nyuma ya kabati. Kidole hakikugandamiza. Nikamwambia aache, nikamaliza kumpima. Tangu hapo nilikuwa nalala kando ya mtu huyo nikijua, na nilikuwa nikiogopa kumgusa koo.

Alistaafu. Kifua kikaanza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Mara ya mwisho walimtia barakoa ya oksijeni. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na dirisha moja lisilofungika, na mimi nilikaa kwenye ndoo niliyoigeuza, kwa sababu kiti kilichukuliwa na ndugu wa mgonjwa wa jirani. Chiriku alikuwa njiani. Madaktari walikuwa wamemaliza kupita asubuhi ile, na hawakusema mengi. Mume wangu akainua barakoa kwa kidole.

"Mama Chiriku," akasema. "Nishikie."

Nilijua ni nini. Nilitamani kukimbia, nasema kweli, nilitazama mlango. Nikamwambia asubiri, mtoto anakuja. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kama Chiriku alivyotikisa siku ile.

"Siyo yeye."

Nikainama. Akaniambia namba yake. Ilikuwa ndefu, na pumzi haikumtosha, akaigawa vipande, akapumzika katikati, na mimi nikawa narudia kila kipande nisikidondoshe. Alipomaliza akanitazama midomoni. Nikaitaja inayofuata. Akaendelea kunitazama. Nikataja nyingine. Hapo akaachia barakoa ikarudi mahali pake, akafumba macho, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mtu asiye na kazi. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuuona.

Alikufa kabla ya adhuhuri. Sijui ilikuwa kwenye namba ipi. Nilikuwa nazishikilia kwa jino na ukucha, maana mimi si mtu wa hesabu, na nilipomwangalia alikuwa ameshaondoka.

Chiriku alifika na maneno yake, nilimsikia tangu ukumbini anauliza njia, anagombana na mlinzi. Akaingia, akaona, akamwangukia baba yake kifuani. Alilia, na akiwa analia anauliza, alisema nini, aliteseka, aliniulizia, mbona hukunipigia, mama, mbona hunijibu. Nikamwinulia kidole kwamba asubiri.

Alikitazama kile kidole. Akatazama midomo yangu. Nikaona kumbukumbu inamrudia kutoka miguuni kupanda juu, na lile jimama lenye mkoba na viatu vya kazini likanitazama kwa macho yaleyale yaliyodidimia ya siku zile.

"Baba alikuwa bado anayo," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akasogeza sikio lake karibu na mdomo wangu.

"Nipe, mama. Ni yangu."

Nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi. Maisha ya mume wangu yalikuwa humo, na zilizobaki hazikuwa zimepungua hata moja, na zilikuwa zinanitazama zote. Sijawahi kuogopa vile. Mtu anayeogopa vile anataka mwenzake, yeyote, hata mwanawe.

"Nimeisahau, mwanangu," nikamwambia. "Imepotea."

Alizuia pumzi. Alikuwa anasubiri kitu kitokee. Nje kitoroli cha chakula kilipita kinalialia magurudumu, mgonjwa wa jirani akakohoa, na hakuna kilichotokea. Akashusha pumzi, akaniwekea kichwa mapajani akalia kama mtoto, na mimi nikampapasa mgongo, nikafunga midomo yangu vizuri ili asione, nikaitaja inayofuata.